Wasichana Niliowaacha Walivyokuja Kunifunga

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipoishia: uwanja wa ndege wa Omaha, begi moja mkononi, nikiwaandikia wachezaji wangu ujumbe wa simu kuwaambia kwamba mimi, Lyle Pospisil, kocha wao wa mpira wa kikapu, nimeondoka. Ujumbe ulikuwa na mistari mitatu. Mmoja wa hiyo mitatu ulisema, "Msisahau kunyoosha misuli."

Kwa anayenikuta leo, nifupishe aibu. Miaka kumi na minne nilifundisha timu ya wasichana ya Chuo cha Mtakatifu Ludmila, mji wa Kolar, Nebraska. Chuo kidogo, mji mdogo, mabinti wa wakulima wa mahindi na wafugaji wa nguruwe, na tulishinda mpaka tukachoka kupiga picha. Mwezi Machi nilisimama katika ukumbi wa kanisa, andazi la jamu ya plamu mdomoni, nikaapa mbele ya watu mia nne kwamba watanizika Kolar.

Siku kumi na moja baadaye wakanipigia Chuo Kikuu cha Tarrington, Virginia. Kila anayeujua mpira wa kikapu anaijua Tarrington. Nilisema ndiyo wakati wao bado wanahakikisha kama wamepiga namba sahihi.

Msomaji mmoja ameniandikia kuniuliza kama sina haya. Ninazo, dada. Ila zenyewe zilikuja kwa basi, mimi nilikwenda kwa ndege.

Sasa sikilizeni kilichonipata.

Siku ya kutambulishwa nilivaa tai yangu ya bahati, ya kijani. Mkurugenzi wa michezo wa Tarrington anaitwa Bwana Lasseter, mtu ambaye suti yake haijawahi kujua mkunjo. Alininong'oneza huku akiwatabasamia wapiga picha.

"Nani kakupa hiyo tai?"

"Mke wangu."

"Kijani ni rangi ya wapinzani wetu wakubwa."

"Niivue?"

"Umeshapigwa picha mia mbili, bwana. Tabasamu tu."

Nikatabasamu. Kesho yake gazeti la chuo liliuliza kama mimi ni kocha au mpelelezi.

Mazoezi yakaanza. Mimi nina mtindo mmoja tu wa kucheza, na sijawahi kuwa na mwingine: tunambana mpinzani uwanja mzima, dakika arobaini, mpaka ajute kuuomba mpira. Kolar hawakuona ajabu. Binti kama Tess Novotny, urefu wa mlango, alikuwa anabeba watoto wa nguruwe kwapani tangu ana miaka sita. Kukimbia kwake ilikuwa mapumziko.

Tarrington nilimkuta Amaris Tolliver. Nyota. Ana wafuasi mtandaoni wengi kuliko watu wa wilaya zote nilizowahi kuishi. Siku ya kwanza alinifuata, mikono kiunoni.

"Kocha, hizi mbio ni za leo tu?"

"Za kila siku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Machi."

Akacheka, akidhani natania. Wenzake wakacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Siku ya tatu wakala wake akanipigia simu. Kwa sauti ya upole alinieleza kwamba magoti ya Amaris yana wadhamini wengi nyuma yake. Wiki ya pili nikapunguza mbio. Wiki ya tatu nikaziondoa kabisa. Tukaanza kucheza mpira ambao hata mimi niliyeufundisha sikuuelewa.

Kufikia Desemba tulikuwa tumecheza mechi tisa na kupoteza saba. Nyuma ya benchi langu kulikuwa na babu mmoja ambaye hakukosa mechi hata moja.

"Mkulima!" alikuwa akipiga kelele. "Trekta yako inawaka moto huko nje!"

Mara ya kwanza niligeuka kutazama.

Mke wangu Corinne, ambaye alihama Kolar akilia hadi mpaka wa Iowa, aliniuliza tulipofika nyumbani:

"Yule mzee alikuwa anakuita nani?"

"Mkulima."

"Kwani hilo ni tusi?"

"Huku ndiyo."

Akavua koti, akalitundika. "Basi Lyle, tumehamia pabaya."

Haya, tuje kwenye siku yenyewe.

Tangu Juni ratiba yetu ilikuwa na nafasi moja tupu, katikati ya Desemba. Nikawaalika Mtakatifu Ludmila. Waandishi wa habari niliwaambia nataka kuwapa wale mabinti nafasi ya kuiona dunia. Ukweli ni kwamba nilitaka waione dunia ikiwa na picha yangu ukutani. Ilikuwepo kwelikweli, mlangoni mwa uwanja, kubwa kama nyumba.

Timu ililetwa na Darla Kubik. Huyu ndiye mtu niliyemkosea kuliko wote. Alikuwa nahodha wangu wa kwanza nikiwa kocha kijana, kisha msaidizi wangu miaka tisa. Tarrington waliponiita nilimwambia, "Darla, funga mizigo, twende wote." Akafunga. Akawaaga wazazi wake. Akamtafutia mbwa wake mtu wa kumlea. Halafu Bwana Lasseter akaniambia makocha wasaidizi wapo tayari, na mimi nikaitikia kwa kichwa kama kuku anayekunywa maji. Darla nilimjulisha kwa ujumbe wa simu. Mnaona wenyewe nina mtindo wangu.

Chuo kule Kolar kikampa kiti changu kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa na ufunguo wa ukumbi.

Kwa wiki mbili nilikuwa nimejiandaa. Akinitukana, nina jibu. Akilia, nina jibu. Alishuka kwenye basi, akaitazama picha yangu ukutani, akanitazama mimi.

"Wamekupunguza kitambi," alisema.

"Karibu, Darla. Kuhusu yale mambo ya—"

"Choo cha wageni kiko upande gani, Kocha? Wasichana wamekaa kwenye basi saa ishirini na mbili."

Nikanyoosha kidole. Yakaisha. Majibu yangu yote nikabaki nayo mfukoni. Tess alipita akanipa mkono kama anavyompa karani wa benki, akaenda zake.

Katika chumba cha kubadilishia nguo niliwakusanya wachezaji wangu wa Tarrington. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, nilikuwa na jambo la kuwafundisha ambalo nililijua kwa hakika.

"Hawa nawajua mpaka wanavyopumua," niliwaambia. "Kocha wao akipiga kelele 'Saba', wanabana upande wa kushoto. Akisema 'Ng'ombe', wote wanarudi nyuma kulinda."

Amaris aliinua mkono. "Samahani. Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

"Yaani mtu mzima anasimama mbele ya kamera anasema ng'ombe?"

"Ng'ombe huyo kanipa ubingwa mara tatu, binti. Andikeni."

Wakaandika. Mmoja akachora na pembe.

Mechi ikaanza. Dakika ya pili, Darla akasimama: "Saba!"

Nikaruka. "Kushoto! Kushoto hapo!"

Wangu wote wakahamia kushoto. Ludmila wakaja kulia, wakanyakua mpira, wakafunga. Nikasema labda wamekosea. Darla tena: "Ng'ombe!" Nikapiga kelele, "Wanarudi nyuma, pandeni!" Wangu wakapanda, wakakuta wasichana watano wa Nebraska wanawasubiri kama mlango uliofungwa. Mpira ukapotea. Pointi mbili.

Ilitokea mara sita ndipo nikaanza kuelewa. Na hata hapo sikuelewa peke yangu. Tess alipita mbele ya benchi langu anahema, jasho linamtiririka, akanirushia maneno bila kusimama:

"Ng'ombe siku hizi ni kubana. Tulijua utawaambia."

Walijua nitawaambia. Nilikaa kwenye kiti. Babu wa nyuma yangu akauliza kwa sauti kama mkulima amechoka.

Robo ya tatu niliona kitu ninachokijua vizuri, kitu nilichokuwa nakiona kila msimu nikiwa benchi lile jingine. Timu moja imeshika magoti, nyingine inakimbia. Safari hii walioshika magoti walikuwa wangu. Ng'ambo Darla alikuwa anatembea kando ya mstari, mikono nyuma, bila kelele. Hakuwa na haja ya kelele.

Sasa lile ambalo wengi wenu mmeliona, maana video yake haiishi kutumwa. Zimebaki dakika tatu, tumelingana. Tess akamvizia Amaris, akampokonya mpira, akakimbia uwanja mzima peke yake, akafunga. Na mimi, kocha wa Tarrington, mbele ya watu elfu kumi na moja na televisheni, nikaruka juu, ngumi hewani, nikapiga kelele:

"Ndiyo, binti yangu! Ndivyo hivyo!"

Benchi langu lote likageuka kunitazama. Refa akanitazama. Ninaapa hata Tess alipunguza mwendo.

Nikashusha ngumi polepole. Nikajifanya najikuna kichwa.

Tulifungwa sabini na moja kwa sitini na nane. Amaris alirusha mpira wa mwisho kutoka mbali, ukagonga chuma, ukatoka. Timu zikapanga mstari kupeana mikono. Nilimsubiri Darla acheke. Nilitaka acheke, ningejua pa kuanzia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, Kocha," alisema, na alimaanisha.

Hilo ndilo lililoniuma.

Kwenye korido nilimkuta Amaris amekaa sakafuni, barafu juu ya magoti yote mawili. Nilitaka kumpita. Akaniita.

"Kocha. Wale wewe ndiye uliwafundisha kukimbia vile?"

"Ndiyo."

"Mbona sisi hukutufundisha?"

"Nilijaribu, Amaris. Mlikataa."

"Ulijaribu wiki moja." Alikuwa anayatazama magoti yake, wala hakuwa na hasira. "Nilikulalamikia kwa sababu nalalamikia kila kocha. Wakala akakupigia kwa sababu ndiyo kazi yake. Wewe ndiye ulituogopa."

Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu siku ile, na yeye ishirini. Nilisema "Sawa," nikaenda kutafuta gari langu. Nililitafuta kwa dakika ishirini. Nilikuwa nimesimama ghorofa ya maegesho isiyo yangu.

Asubuhi Bwana Lasseter akaniita. Nikavaa tai ya buluu, rangi ya Tarrington, ili angalau nifukuzwe nikiwa na rangi sahihi. Akanikaribisha kahawa. Kahawa ikanitia hofu zaidi.

"Yule mama wa jana," alisema. "Anaitwa nani vile?"

"Darla Kubik."

"Ana wachezaji kumi na mmoja na basi bovu, amekuja nyumbani kwetu ametunyamazisha. Mkataba wake wa muda gani?"

"Sijui."

"Kuna kitu kinachomshikilia kule?"

Nikajaribu kucheka. "Kile kile kilichokuwa kinanishikilia mimi."

Bwana Lasseter akaandika kitu kwenye karatasi. "Basi hakuna," alisema.

Nilimeza kahawa yote ya moto. "Na mimi, Bwana Lasseter?"

"Wewe utamaliza msimu, Lyle."

"Na baada ya msimu?"

"Baada ya msimu ni Machi," alisema, akasimama kunifungulia mlango.

Nikarudi nyumbani. Corinne alikuwa jikoni anakunja nguo. Nilimweleza yote bila kuficha, na alinisikiliza bila kuacha kukunja.

"Unajua nilichokifikiria njiani?" nikamwambia.

"Najua. Umefikiria kwamba Darla akija huku, kiti cha Kolar kitakuwa wazi."

Miaka ishirini na nane ya ndoa. Mtu hata dhambi yake hapewi nafasi ya kuitaja mwenyewe.

"Tungerudi nyumbani, Corinne. Nyumba yetu bado haijauzwa. Watu wa Kolar wangekasirika kidogo, halafu wangezoea."

"Nataka kurudi kuliko wewe," alisema. "Kila asubuhi naamka nataka kurudi. Lakini Lyle, uache mambo yaende yenyewe. Usiyasukume."

"Siwezi kusukuma kitu. Mimi hata gari langu siwezi kuliona."

Saa kumi jioni simu ikaita. Darla.

Nikaiweka mezani, sauti kubwa, Corinne asikie. Darla alikuwa anazungumza kwa kunong'ona.

"Kocha, tumesimama kituo cha mafuta, Kentucky. Nimejificha nyuma ya basi. Bosi wako kanipigia."

"Lini?"

"Saa tatu asubuhi."

Saa tatu kasoro mimi nilikuwa bado nakunywa kahawa yake. Kumbe alinitoa mlangoni akaenda moja kwa moja kwenye simu.

"Anataka nianze Aprili," Darla alisema. "Anataka jibu kabla sijafika Kolar. Kocha, sijala tangu asubuhi. Mpira wote ninaoujua nimeujua kwako. Kwa lile la mizigo nilikukasirikia, nisikudanganye, lakini mtu mwingine wa kumuuliza sina. Niambie kweli. Huko kuzuri?"

Wasomaji, ukurasa huu ningeweza kuuruka. Mhariri asingejua.

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Ningemwambia: Darla, baki hapo ulipo, timu ile imekukaa kama kiatu cha zamani, huku utapewa picha ukutani na mzee wa kukuzomea. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Niliyahisi kwenye meno.

Lakini nyuma yake niliiona Kolar. Niliona ukumbi wetu wenye saa iliyoharibika, niliona wasichana wanakimbia, na niliona mimi nimesimama kando ya mstari mikono nyuma. Kati yangu na vyote hivyo kulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa anasubiri nimwambie aende wapi.

Corinne aliacha kukunja nguo. Akatikisa kichwa mara moja, polepole.

"Darla," nikasema, "ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya."

Corinne akachukua kapu lake la nguo, akatoka jikoni.

Nilisikia malori yanapita huko Kentucky. Kisha Darla akashusha pumzi ndefu.

"Kweli, Kocha?"

"Kweli."

"Ah, asante. Asante sana. Nilikuwa naogopa." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nyepesi. "Basi nimwambie Tess na wenzake sasa hivi. Walinisikia kwenye simu asubuhi. Wanne kati ya wale wanaoanza mechi wameshaniambia nikihama wanahama nami. Nilikuwa nawakatalia tu kwa sababu ya chuo."

"Kwa sababu gani ya chuo?"

"Kwani hukusikia? Ulipoondoka, wasichana watano walihama. Mkuu wa chuo akataka kuifuta timu kabisa. Nilipiga magoti ofisini kwake, akanipa mwaka mmoja. Amesema ikivunjika tena, haundi nyingine, ukumbi atawapa watu wa mieleka."

Nikashika ukingo wa meza.

"Darla, ngoja. Ngoja kwanza—"

"Ila kama huko ni kuzuri hivyo, nitawanyimaje nafasi wale watoto? Acha niwahi, wanapanda basi. Mungu akubariki, Kocha."

Simu ikakatika.

Nilipiga tena. Ikaita mpaka ikakoma. Nikapiga mara ya pili. Niliita, "Corinne!" na Corinne hakuitika. Mara ya tatu simu ikapokelewa, na nyuma yake nikasikia vigelegele vya basi zima.

"Darla, nisikilize, lile nililosema—"

"Siyo Kocha Darla," ilisema sauti ya Tess Novotny. "Yeye amekaa kwenye ngazi za basi analia, na hataki kusema kama ni furaha au nini. Umemwambia nini?"